Makala Iliyosahaulika

Bibi mmoja anaishi na mjukuu wake, mtafiti wa jenomu, ambaye hachapi kwenye kompyuta, anatwanga. Akianza, kuku wa jirani hukimbilia bandani wakidhani mvua imeshuka. Kazi yake ni kulinganisha chembe za urithi za mbu, na jinsi anavyozama humo, chai kando yake hupoa mpaka nzi wanajifunza kuogelea. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, hufungua ukurasa unaoonyesha ni nani duniani ametaja makala zake. Ile kubwa, aliyoandika na wenzake wa maabara, inatajwa kila kona. Hiyo huipita bila hata salamu. Kidole hushuka mpaka chini kabisa, kwenye makala ndogo aliyoiandika peke yake, ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuitaja. Hapo hukuna kidevu, huguna, hufunga.

Leo hakuguna. Alipiga ukelele, bibi yake jikoni akaangusha mwiko.

"Wameitaja, Bibi! Ile yangu ndogo!"

"Wanasemaje?"

"Wanasema nimekosea." Akapitia hesabu zao mstari kwa mstari, akilamba midomo kama mla asali. "Na kweli nimekosea, tena vibaya!"

"Sasa mbona meno yote nje?"

"Bibi, mtu hawezi kukukosoa hivi bila kukusoma mpaka mwisho."

"Basi marehemu babu yako alinisoma mpaka kwenye jalada."

Mtafiti akacheka, akainywa chai yote ikiwa bado ya moto. Kisha akaanza kuwatwangia wakosoaji wake barua ya shukrani, na kuku wa jirani, maskini, wakakimbilia bandani.