Siku Baba Alipomeza Maji

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo silijui jina la mwandishi wake, mzungu aliyeitawala nyumba yetu. Abiria wa daraja la kwanza alikisahau ndani ya gari moshi, hakuna aliyekuja kukidai, na stesheni masta wa Voi akampa baba yangu, aliyekuwa karani wa mizigo pale. Baba alikisoma kwa kamusi, jioni baada ya jioni, mwaka mzima na ushee. Wenzake kwenye nyumba za reli, wengi wao watu waliotoka magharibi mwa nchi, walimwita Profesa wa Magunia. Yeye hakujali.

Basi nikakua nikisikia habari za mzungu huyo jinsi watoto wengine walivyosikia za Ibrahimu na Isaka. Alikuwa Mmarekani, mtoto wa mwenye duka katika mji mdogo wa baridi. Alifundisha watoto kabla ya kufundisha wakubwa. Alipohamia mji mkubwa alikwenda kukaa karibu na watu wa viwandani aone wanavyoishi, kwa sababu hakuamini fikra zilizotungwa mezani. Hayo aliyaeleza mwenyewe katikati ya kitabu. Mengine yote yalikuwa mawazo, na baba alitufupishia hivi: neno halina ukweli wa kufungiwa kabatini, ukweli wake ni kazi linayofanya likishaingia kwa watu. Na serikali ya watu si bendera wala gavana, ni namna majirani wanavyokaa chini wakatatua shida inayowagusa wote. Kila tulichomwambia, baba alituuliza, "Haya, na kinafanya nini?" Ukisema umeota, ndoto inafanya nini. Ukisema mwalimu ana kisirani, kusema hivyo kunafanya nini. Ilichosha, jamani.

"Huyo mzungu wako," mama alimwuliza siku moja, "amewahi kulima?"

Baba akafungua kitabu akatafuta. Hakupata.

Kwetu hasa ni Mwanda, juu milimani huko Taita. Mama na sisi watoto tuliishi huko tukilima, na baba alipanda kila alipopata likizo. Shamba letu lilinyweshwa na mfereji wa ukoo, na mgawa maji alikuwa kaka yake baba, yaani baba mkubwa wangu. Yeye ndiye aliyesema leo ni maji ya nani. Wazee wa kiume walikaa naye, na wanawake, ambao ndio walioshika majembe, walingoja kuambiwa. Mashamba ya mwisho wa mfereji yalipata matope tu. Mikutano ya siasa wakati ule wa mkoloni ilitaka ruhusa, lakini mkutano wa mfereji machoni pa chifu haukuwa siasa. Baba akaona hapo ndipo pa kumjaribu mzungu wake. Akasimama akasema kila anayelima akae mkutanoni na aseme. Wazee wakacheka, halafu wakaona hana mzaha. Wanawake wakaja, mama yangu akiwa mbele, na zamu zikapangwa upya kwa kukubaliana. Ilifanya kazi, lazima niseme. Msimu ule hata mahindi ya kule chini kabisa yalibeba.

Baba mkubwa hakusema neno. Angefoka tungepona. Aliacha tu kula kwetu. Nikimwamkia njiani aliitikia "Marahaba" bila kunitazama, mimi niliyekuwa kipenzi chake.

Haukupita muda mrefu nikaugua. Homa, tumbo, kila nilichokula kilirudi. Baba akaomba ruhusa kazini, akanibeba mgongoni hadi hospitali ya serikali. Nikalazwa, nikachomwa sindano, nikarudishwa nyumbani na dawa za kumeza. Dawa nazo zikawa zinarudi. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na mama aliweza kuninyanyua kwa mkono mmoja. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba akidhani nimelala, na hapo nikajua kwamba huenda nikafa. Niliogopa sana. Nilikasirika pia, maana nilikuwa sijapanda gari moshi hata mara moja.

Kuna jambo ambalo kila Mtaita analijua, hata yule anayelikana. Hasira ya mkubwa, hata asipoisema, huweza kumwangukia mtoto wa aliyemkosea. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira anachukua maji kinywani, anayapuliza yawe manyunyu, na kwa maneno yake anaitoa ile hasira mbele ya wote. Kanisa lilikuwa limekataza. Baba alikuwa mshiriki wa Meza ya Bwana, tena ndiye aliyesoma somo Jumapili akiwa nyumbani.

Mama ndiye aliyeanza. "Mwite kaka yako aje atase."

"Wewe ndiye unayesema hivyo? Mkristo mzima?"

"Mimi ni mama wa huyu. Si wewe unayeuliza kila kitu kinafanya nini? Basi nenda ukaone."

Baba akaenda, akarudi upesi, uso umemshuka. Alikuwa amemweleza kaka yake kwamba yeye mwenyewe hana hakika na mambo hayo, lakini wajaribu tu, waone matokeo. Baba mkubwa akamjibu, "Kumbe unataka kuipima hasira yangu kwenye mizani yako ya stesheni? Ondoka hapa!"

"Ala!" mama akasema. "Mtu anakwenda kuomba, wewe umekwenda kufanya mtihani!"

Kesho yake asubuhi alikwenda tena. Sijui alisema nini, hakutuambia kamwe, ila walikuja pamoja. Baba mkubwa akainama mlangoni, akanitazama pale kitandani. Akaomba maji kwenye kibuyu.

"Kama nina neno moyoni juu ya baba wa mtoto huyu," alisema, "juu ya mfereji, juu ya kuvunjiwa heshima mbele ya watu, litoke. Mtoto ale, acheze, apone." Akapuliza. Manyunyu ya baridi yakanifika usoni.

Kisha akampa baba kibuyu. "Na wewe."

Baba akajaza kinywa. Tukangoja. Mashavu yalikuwa yamemjaa, macho yamemtoka, halafu nikaliona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa ameyameza.

"Umemeza," baba mkubwa akasema.

"Nimepaliwa."

"Hukupaliwa. Bado unayo hasira yako. Itoe, mdogo wangu. Mtoto anakufa."

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo mbele yangu. Na baba yangu, mtu wa hoja, mtu wa kamusi, akaangua kilio.

"Mama alipokufa, kabla sijaoa, hukuniita," akasema. "Simu ya stesheni ilikuwepo. Watu walishuka Voi kila siku. Ukamzika mama yangu bila mimi. Mimi niliambiwa sokoni, na mwuza ndizi!"

Baba mkubwa akakaa chini sakafuni. "Niliogopa," alisema. "Niliona utakuja na mchungaji wako na nyimbo zenu, na mimi mwanawe wa kwanza nisimame kando. Nilikukosea. Nilikukosea sana."

Baba akajaza kinywa mara ya pili, akapuliza, akatulowesha sote. Mama alikuja kuniambia nilipokuwa mkubwa kwamba ule mkutano wa mfereji ulikuwa jambo jema, na ulikuwa pia kofi, ila baba hakujua kuwa amempiga mtu.

Ningependa kusema niliinuka papo hapo nikadai ugali. Wapi! Jioni ile nilitapika tena. Uji ulianza kukaa tumboni kidogo kidogo, siku za baadaye, na dawa za hospitali nilikuwa bado nazimeza. Aliyeninywesha uji huo ni baba mkubwa, kwa kijiko, akinitania kwamba nimekonda hata fisi atanikataa.

Habari zikafika kanisani. Mchungaji wetu, mtu mpole kweli, akamwambia baba asimame mbele ya watu aseme kwamba nimeponywa na dawa, yale mengine ni upuuzi, na mambo yaishe.

"Sijui kilichomponya," baba akajibu. "Nikisema najua nitakuwa nimesema uongo madhabahuni. Ninachojua ni kwamba kaka yangu anakula kwangu."

Wakamwondoa kwenye Meza ya Bwana. Jumapili za ushirika alibaki benchi la nyuma, kofia magotini, wenzake wakienda mbele. Ilimuuma, na mimi iliniuma zaidi, kwa sababu alikaa pale kwa ajili yangu.

Baba mkubwa alipougua mwenyewe, miaka ile ya hamsini ikielekea kwisha, alimtuma mtu mpaka stesheni wakati bado anatembea kwa fimbo yake. Watu walimwambia angoje kwanza, huenda ni mafua tu. Hakutaka kusikia. Baba alipoingia, vumbi la Voi bado liko viatuni, alimkuta kaka yake ameketi kitandani anamngoja.

"Nimekuita mapema," baba mkubwa akasema.