Tuliofungiwa Nyuma ya Pikapu

Harufu ya tairi likichomwa na jua bado inanipandisha hasira, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Nisikilizeni, kisha mniambie kama nakosea.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na pikapu yenye kibanda cha bati nyuma, naye aliipenda kuliko watu. Januari moja, jua likipasua ardhi, alitubeba kutoka Suna kwenda harusini Homa Bay. Mama aliketi mbele. Mimi, Atieno, na mdogo wangu Ochieng, mtoto wa miaka minne, tulipakiwa nyuma pamoja na magunia, tairi la akiba na kuku wa zawadi. Mlango wetu ulifungwa kwa kufuli, kwa nje.

Tulipokaribia Homa Bay akasimama kwa rafiki yake. "Dakika moja tu," alisema. Wanaume wa kwetu na dakika zao! Akamwita mama naye aingie, maana kukataa chai ya watu ni matusi.

"Shemeji, nipe ufunguo niwatoe watoto," mama aliomba.

"Wako kivulini, Mama Atieno. Njoo ukae."

Kivuli kikahama. Bati likaanza kualika kwa joto juu ya vichwa vyetu. Kuku walitweta midomo wazi, kisha wakanyamaza kabisa. Niligonga mpaka ngumi zikavimba. Ochieng aliacha kulia, ngozi yake ikawa kavu, moto kama kikaango. Mara macho yakageuka, mwili ukakakamaa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani alinisikia. Alichungulia kwenye kidirisha, akapiga yowe, "Nyathi tho! Mtoto anakufa!" Akaokota jiwe, akavunja kufuli. Alimmwagia Ochieng maji, akampepea kwa leso yake.

"Mnafungia watoto kama magunia?" alimfokea baba mkubwa alipotoka mbio.

Naye akajibu, "Nani amevunja kufuli yangu?"

Hospitalini walimwokoa Ochieng, lakini alibaki na kifafa. Daktari alisema ni joto. Nyumbani baba mkubwa akasema ni kijicho: kuna mwanamke asiyejulikana aliyemkodolea mtoto macho, hata kuku wakafa. Wakubwa wakatikisa vichwa kukubali. Mama aliendelea kuwamiminia chai. Mimi niliposema nilichoona, niliambiwa mtoto haingilii maneno ya wazee. Basi nikaamini kama wao, na kwa miaka mingi nilimkwepa kila muuza omena niliyekutana naye.

Sasa naelewa. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Ilikuwa rahisi kumtwika lawama mama wa watu kuliko kumwambia mwenye gari kwamba amekosa. Kati ya macho yote ya siku ile, ni ya yule muuza omena tu yaliyotuona, na ndiyo hayo waliyoyalaani.