Mti wa Goli Kwenye Ghala la Mama

Ghala letu la mahindi hapa Kitale ni refu kuliko nyumba tunayolala. Wageni wakiliona wanadhani sisi ni matajiri. Ukweli ni kwamba baba alikuwa na mti mrefu, akakataa ukatwe, ikabidi ghala lijengwe kwa kipimo cha mti. Na si mti wa kawaida. Ni ule wa juu wa goli, ambao watangazaji wa redio huuita mtambaapanya. Baba aliutoa kwenye uwanja wa timu yake kule Bungoma alikozaliwa, wakati timu ilipokufa na watu wakaanza kuchanja magoli kuni. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilichokuta ni ghala, panya, na hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Mechi ya mwisho ya msimu, timu ya baba inataka goli moja tu isishuke daraja. Dakika za mwisho shuti linapigwa, mpira unagonga mtambaapanya kwa chini, unadunda ardhini, unatoka. Refa anasema hakuna goli. Timu ikashuka, haikupanda tena. Baba alikuwa amesimama nyuma ya goli na anaapa mpira ulivuka mstari. Mashabiki wenzake walikuwa upande wa pili wa uwanja. Wanasema haukuvuka, na wamemcheka tangu siku hiyo. Lakini baba ana ushahidi: kwenye mti kuna kovu mahali rangi ilipobanduka, kwa chini, upande wa ndani.

"Mpira ukigonga hapo," hutuuliza tukiwa mezani, "utaenda wapi kama si ndani?"

Jibu huwa ninalo, lakini huwa bado sijamaliza kula.

Likizo ya Desemba iliyopita, simu ikaingia. Uwanja ule wa zamani ulikuwa unakwenda kuchimbwa pajengwe soko, na mashabiki walitaka kukutana hapo Jumamosi, kila mtu na kitu cha timu alichohifadhi. Kuanzia hapo baba hakukalia kiti. Chai alikunywa amesimama. Alienda ghalani, akarudi, akaenda tena, akaupapasa ule mti kama daktari wa ng'ombe.

Shida ilikuwa mama. Mahindi yalikuwa yameshaingia na ghala limejaa mpaka mlangoni.

"Baba watoto, ukitoa huo mti, paa itakalia nini? Kichwa yako?"

"Nitaweka mkaratusi. Huyu kijana atanisaidia."

Huyu kijana alikuwa amepanga likizo nzima ya kutofanya kitu. Badala yake nilibeba magunia nje hadi shingo ikaingia mabegani, tukaingiza mkaratusi, tukachomoa mtambaapanya polepole huku mama akitusimamia mikono kiunoni.

"Mahindi yangu ikianguka, mtakula huo mti. Na hamtapata mboga."

Jirani alikuwa anapeleka kabichi Bungoma kwa lori. Tuliufunga mti juu ya kabichi, ukachomoza mbele na nyuma, na nyuma baba akafunga skafu nyekundu ya timu kuwaonya madereva. Tukipita Kabuchai, dereva wa trekta la miwa alituangalia akapiga kelele, "Wazee, Pasaka bado bana! Msalaba mnapeleka wapi?" Utani huo niliupenda. Baba hakusikia. Mguu wake ulikuwa unakanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake.

Nilitarajia kukuta mashabiki. Nilikuta wazee wenye vitambi ndani ya jezi za ujana wao, vitovu vikichungulia nje kama watu wanaongoja basi. Mmoja alikuwa na tofali la dirisha la tiketi. Mwingine alibeba udongo wa katikati ya uwanja kwenye chupa, kama dawa ya kienyeji. Magoli yalikuwa yamebaki nguzo tu, na kila nguzo imefungiwa mbuzi.

Tukaushusha mti. Wakauzunguka. Halafu mwalimu mmoja mstaafu, yule ambaye baba husema ndiye kiongozi wa wanaomcheka, akavaa miwani, akainama, akaligusa lile kovu kwa kidole.

"Ndugu yangu," akasema, "si umesema huu mti ulikuwa ghalani? Haya ni meno ya panya."

Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Baba alikuwa anasugua lile kovu kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Kwetu mimi ndiye bingwa wa kumcheka baba, sihitaji msaada wa mtu. Kwa hivyo kicheko chao kiliniwasha.

"Kwani mnabishana na mti?" nikasema. "Nguzo ziko. Inueni, nipige, tuone mpira ukigonga hapo unaangukia wapi."

Mbuzi wakafunguliwa. Kreti za soda zikaletwa, wazee wakapanda, wakaukalisha mti juu ya nguzo na kuushikilia kwa mikono, baba akiwa upande wa kushoto. Mwalimu akachora mstari kwa fimbo. Watoto wakatuazima mpira. Shuti langu la kwanza lilifuata mbuzi. La pili likaondoka na kofia ya mwalimu.

"Piga bana! Huu mzigo unatuua!"

La tatu likagonga kwa chini. Mti ukaruka, wazee wakayumba, mpira ukadunda, vumbi likapanda, ukatoka.

"Nje!"

"Nje gani? Wewe huoni?"

"Ndani hiyo!"

Baba alikuwa amefumba macho kwa uzito. Alipoyafumbua hakumtazama mwingine ila mimi.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Naapa nilikuwa nimeona, mpaka aliponiuliza.

"Ndani," nikasema.

"Ati ndani! Shahidi wa nyumbani huyo!" mwalimu akapayuka, na baba akaruka kutoka kwenye kreti kumjibu, akauacha upande wake wa mti ukiangukia mikono ya wenzake. Walibishana hadi wenye mbuzi walipokuja kuwachukua. Sijawahi kumsikia baba akipiga kelele kwa furaha namna ile.

Mti tulirudi nao. Mama amekataa usiingie ghalani tena, anauanikia nguo.

Sasa shule zimefunguliwa, na mimi ndiye siwezi kutulia. Jana mwalimu wa hesabu alichora duara ubaoni, halafu mstari unaoligusa ukingoni. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hiyo imevuka au haijavuka?"

Darasa lote likaangua kicheko. Wamenizoea. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule sikuwa nafanya mzaha, na ndiyo mara niliyotolewa nje. Nikasimama kwenye veranda, nikachora mstari vumbini kwa kiatu, nikaufuta, nikachora tena.