Chura wa Masika

Jirani alituambia kwamba tumbo la dada yangu Masika linavimba kwa sababu chura analala ndani, mukubwa kama kiatu cha askari, na mimi niliamini kabisa. Juzi nilimukuta Masika akitwanga muhogo wake mwenyewe, nikakumbuka.

Utotoni nilidhani kishindo cha kinu ndicho kinamuamsha chura. Kwa huruma nikabeba muhogo wake kwa siri hadi kwenye mashine ya kusaga, iliyonukia vizuri ngano ya kutoka milima ya Masereka. Masika alikula bugali ya unga ule, akalia na tumbo siku mbili.

"Mama, nilipeleka muhogo wake ku mashine. Chura ameamka?"

"Lakini Kambale, mutoto wangu, hapana chura. Ngano ndiyo inamuumiza. Ilibaki mu mashine, ikaingia mu unga wake."