Pansitopenia na Supu ya Mama Mkwe

Wapendwa, mnanijua. Mimi hata sadaka nikitoa naangalia inakoenda. Mkinisikia leo namshukuru mtu, jueni Mungu amefanya kazi.

Nilikuwa na nguvu zangu hapa kijijini Daa. Napalilia maharage ya ngwara toka asubuhi, jioni nachota maji. Kisha ufizi ukaanza kutoka damu nikipiga mswaki. Mapajani yakatokea madoa meusi kama nimepigwa, na hakuna aliyenigusa. Hedhi haikatiki. Mlima wa kisimani nikawa napumzika njiani kama bibi kizee.

Mchawi nilimjua. Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu msimu huohuo, na kila siku ananiletea supu ya mifupa. "Kunywa, Mama Safari, uongeze damu." Anaonja kwanza mbele yangu, maana kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza kuondoa shaka. Nikasema moyoni, huyu ana kinga yake. Akitoka namwagia mbwa. Mbwa akanenepa, mimi nikazidi kukonda.

Siku niliyoanguka shambani, mume wangu alinipeleka kwa waganga wa hospitali ya Karatu mjini, nao wakatutuma hospitali kubwa. Mama mkwe akafuatana nasi. Huko leo wanatoa damu, kesho tena damu. Nikauliza, "Hii damu yangu mnaipeleka wapi?" Daktari akajibu nina pansitopenia. Loo! Jina refu hivyo, nikajua wananificha kitu.

Akavuta kiti. "Mama, damu hupikwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kuna chembe zinazobeba hewa, zinazopigana na magonjwa, na zinazozuia damu isimwagike ovyo. Neno hilo maana yake zote zimepungua. Sasa nichome mfupa wa nyonga, nivute uboho kidogo, nijue kwa nini haupiki."

"Thubutu! Jitoboe wewe kwanza nione. Hata mwenye pombe huonja!"

"Bila kipimo hiki sijui nikupe dawa gani. Na bila dawa, mama, utakufa."

Nikageukia ukuta. Nilimsikia mama mkwe akisimama, akilegeza kitenge chake kiunoni.

"Daktari, nitoboe mimi. Hapa mbele yake."

"Bibi, wewe huumwi."

"Sijasema naumwa. Naonja."

Jamani, nililia. Nikamwambia daktari amwache mama wa watu, nikalala kifudifudi mwenyewe. Iliuma, siwadanganyi, ilivuta mpaka kwenye unyayo. Majibu yakaja: uboho ulikuwa umekauka. Chanzo daktari alisema hakijui, nikamtazama sana, lakini alikuwa anasema kweli. Nikaongezewa damu, nikameza vidonge miezi mingi, mpaka chembe zikaanza kupanda.

Ndugu zangu, ukiona ufizi unatoka damu na madoa yasiyo na sababu, wahi hospitali, mchawi utamtafuta baadaye. Na wakikutajia neno gumu, uliza maana yake mpaka uelewe. Mimi bado nauliza, wauguzi wakiniona wanakimbiana.

Jana mama kaniletea supu. Akainua kikombe aonje, kama kawaida yake. Nikamshika mkono.

"Acha, Mama. Nipe hivyo hivyo."