Ubao Ambao Fundi Hakuupanda

Fundi Assani Mabruki alikuwa ametengeneza maboti sitini na mawili, na yote aliyapanda yeye kwanza. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake pale pale ufukweni Ujiji. Boti likishushwa majini, mwenye boti hasogei. Fundi anaingia peke yake, anapiga kasia mpaka maji yabadilike rangi, anakaa huko kidogo akizisikiliza mbao, kisha anarudi. Akirudi na suruali kavu, anamwambia mwenye boti neno moja tu, "Chukua." Akirudi amelowa, hakuna wa kumuuliza kitu, boti linavutwa juu na kazi inaanza upya. Mara mbili tu alirudi amelowa, na mara zote mbili alikuwa bado kijana.

Mtu wa namna hiyo ukimletea habari za skeiti, atakuuliza inavua samaki gani. Ndivyo alivyomuuliza Heritier, yule kijana ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, siku alipoonekana Ujiji kwa mara ya kwanza akiteleza barabarani juu ya ubao wenye magurudumu manne. Watu wakacheka, na Assani akacheka zaidi ya wote. Kicheko kikamwishia aliposikia kwamba Mwanvua, mtoto wake wa pekee, fundi cherehani mwenye akili zake timamu, naye amenunua ubao na anajifunza.

Hata hivyo alinyamaza, kwa sababu Mwanaima, mama wa mtoto, alikuwa upande wa mtoto. Mwanaima alipofariki kwa presha, hapakuwa tena na mtu wa kusimama katikati yao.

Siku ya tatu ya matanga, nyumba ikiwa imejaa watu, Mwanvua alichukua ubao wake akatoka. Akashuka barabara nzima mbele za watu, nguo ya msiba mwilini, na Ujiji haikosi mtu wa kuleta habari. Aliporudi macho yamevimba, baba yake alimpokea mlangoni, akamnyang'anya ule ubao na kuusukuma motoni, chini ya sufuria la pilau ya hitima.

"Udongo wa mama yako haujakauka," alimwambia mbele ya watu, "wewe unacheza!"

Magurudumu yaliyeyuka yakatoa moshi mweusi, pilau ikanuka mpira, na waombolezaji wakaila hivyo hivyo kwa adabu. Ilimchukua Assani miezi kuelewa kwamba binti yake hakuwa amekwenda kucheza. Alikwenda kulia mahali ambapo hakuna shangazi wa kumwambia anyamaze. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kumwambia mtoto "nilikosea" ni kitu kingine, hasa kwa mtu aliyezoea kusema na mbao. Wakaishi miaka miwili katika nyumba moja kwa maneno matatu: shikamoo, marahaba, chakula tayari.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, Heritier alikuja kwenye banda la maboti.

"Shikamoo, papa Assani," alisema, akimwita baba kwa namna ya kwao.

"Marahaba. Umekuja kuniuzia magurudumu?"

"Hapana, papa. Tunapanga safari. Tunatoka Kasulu mpaka hapa Ujiji, siku moja, watu saba, kwa skeiti."

"Kwani magari yamekwisha?"

Heritier alicheka, kisha akaeleza. Ni karibu kilometa mia. Wanaondoka pamoja na kufika pamoja, mwenye nguvu anamngoja mchovu. Mmoja akibaki nyuma, safari imeharibika kwa wote. Na kila mtu aje na ubao wake, maana mwendo ule si wa kupokezana.

"Mwanvua anatushinda wote, papa. Lakini hana ubao. Anaazima wangu, miaka yote hii."

Assani aliendelea kupiga randa. Vipande vya mbao vilimwangukia miguuni.

"Urefu wake kiasi gani?" aliuliza hatimaye.

Heritier akampimia kwa mikono.

Kazi ile aliifanya kwa siku kumi na mbili, akiificha chini ya turubai kila mtu alipopita. Alichagua mninga uliokuja wiki hiyo hiyo, ambao bado ukiubonyeza kwa kucha unatoa unyevu. Mbao za boti hazitumiwi zikiwa kavu kabisa, kwa sababu zikinywa maji zinavimba na kusukumana mpaka zinapinda. Ziachie ubichi kidogo, na ziwa lenyewe litaziba kila kiungo. Jambo hilo mikono yake ililijua kuliko kichwa. Akaunganisha vipande vitatu ubavu kwa ubavu, akatia kalafati katika viungo, pamba iliyoloweshwa mafuta ya mawese, akapiga randa mpaka ungeweza kumlaza mtoto mchanga juu yake. Haikumjia hata mara moja kwamba chombo hiki hakitaingia majini. Maishani mwake hakuwahi kutengeneza kitu ambacho hakikuingia majini.

Heritier alipokwisha kufunga magurudumu, Assani aliutazama ubao, akajua kuna jambo moja limebaki. Akayatazama magoti yake ya miaka sitini na mitatu. Akawatazama vijana waliokaa nje ya banda, kila mmoja na simu yake mkononi, tayari kupiga picha chochote cha kuchekesha. Akaona haya. Akaubeba hadi nyumbani, akausimamisha kwenye mlango wa chumba cha binti yake.

"Chukua," alisema.

Mwanvua aliuinua, akaunusa, akakuta harufu ya mawese. "Ahsante, baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akingojea kwa muda mrefu.

Mwezi uliofuata Assani alikuwa na furaha, na hakujisumbua kuificha. Kila siku, jua halijawa kali, wale saba walikwenda kujizoeza, kwanza mpaka Kigoma mjini na kurudi, halafu wakasogea hadi Mwandiga kwenye milima. Mwanvua akirudi anakaa barazani, miguu imejaa vumbi, na kusimulia: Elia anaogopa malori, Martini anakula muhogo njiani kama aliyetumwa, Catherine akianguka anacheka kabla hajafika chini. Assani aligundua kuwa skeiti haina breki, unaburuza mguu tu, na kiatu cha kulia cha binti yake kimekwisha soli. Akakata kipande cha tairi kuukuu, akakishonea chini ya kiatu kwa uzi wa nyavu. Walikula pamoja. Siku moja walimtaja Mwanaima, wakacheka wote wawili.

Kisha zikabaki siku tisa.

Martini ndiye aliyekuja bandani, anahema. Mwanvua ameanguka kwenye mteremko wa Mwandiga, yuko hospitali. Assani alikwenda na randa mkononi, akajikuta nayo wodini. Goti la kushoto lilikuwa limevunjika vibaya. Atatembea, daktari alisema, pole pole na kwa magongo kwanza, ila habari za kusimama juu ya ubao azisahau.

"Lilikuwa jiwe, baba," Mwanvua alisema hata kabla hajaulizwa. "Jiwe dogo barabarani. Sikuliona."

"Pole, mwanangu."

"Lilikuwa jiwe tu."

Heritier alikuwa ameokota vipande viwili vya ule ubao. Assani alivichukua, akaenda navyo bandani, akakaa. Hakuhitaji kuvitazama mara mbili. Jiwe huchana mbao ovyo ovyo. Hapa ubao ulikuwa umeachia kwenye kiungo, mstari umenyooka mwanzo hadi mwisho. Mwezi mzima wa kiangazi juu ya lami kavu, mninga ulikuwa umekauka na kujivuta, na hapakuwa na ziwa la kuuziba. Mkono wake ndio ulioufanya hivyo. Wanafunzi wake angewafukuza kwa kosa dogo kuliko hilo.

Akachokoa ile pamba kwa kucha, na hapo akaona kitu ambacho hakukiweka yeye. Ilikuwa gundi, ile ya vichupa vidogo ya kubandikia viatu. Ilikuwa imetiwa zaidi ya mara moja, tabaka juu ya tabaka, imesuguliwa vizuri isionekane. Kwa hiyo Mwanvua alikuwa ameona kiungo kinafunguka. Amekiziba, kimefunguka tena, amekiziba tena, na kila siku amekaa barazani akimsimulia baba yake habari za muhogo wa Martini. Assani alilia pale bandani, mtu mzima, mchana kweupe, na waliopita walidhani analilia goti.

Mwanvua alituma neno kutoka hospitali kwamba nafasi yake aichukue Diana, ambaye alikuwa akijizoeza nao kwa kuazima lakini hakuwa na ubao wake. Assani aliposikia alikwenda nyumbani, akakivunja kitanda chake. Kitanda kile walikinunua yeye na Mwanaima mwaka waliooana, na mfumbati wake, ile mbao ndefu ya ubavuni, ulikuwa mninga uliokauka ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka thelathini. Akakata kipande kimoja kizima, kisicho na kiungo, na Heritier akakifunga magurudumu ya ule uliovunjika. Toka hapo akawa analala chini, kwenye mkeka.

Alasiri ya safari, pikapu ilisimama kando ya barabara, tayari kuwapeleka Kasulu wakalale huko na kuanza kushuka alfajiri. Mwanvua alikuwa ametoka hospitali siku iliyotangulia. Alisimama kwa magongo yake, akimsaidia Diana kufunga kamba za viatu kwa maelekezo. Assani alikuja na ubao kwapani. Diana alinyoosha mikono kuupokea.

"Bado," alisema Assani.

Akatembea mpaka pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Akauweka ubao chini, akakunja kanzu, akakaa juu yake miguu mbele, kama anavyokaa ndani ya boti jipya. Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi. Simu zikatoka. Heritier akapiga kelele, "Papa, hapana, papa!" lakini mzee alikuwa amekwisha kujisukuma kwa viganja.

Ubao ulikwenda pole pole, kisha haukwenda tena pole pole. Kofia ilimtoka. Alipita dukani, akapita msikitini, ameshikilia mbao kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa akiisikiliza, mpaka chini kabisa, ambako alipinduka na kubingirika kwenye mchanga. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwanvua hakucheka. Yeye alikuwa amekulia kwenye banda lile, alijua anachokitazama.

Assani alipanda mteremko akichechemea, viwiko vinatoka damu, anaupapasa ubao upande wa chini. Akampa Diana.

"Chukua," alisema.

Kisha akamgeukia binti yake, na vicheko vikaanza kukatika, kwa kuwa waliokuwa karibu waliona uso wake.

"Huu nimeupanda," alisema. "Ule wako sikuupanda. Niliona haya kuchekwa. Halikuwa jiwe, mwanangu."

Mwanvua alishika magongo yake kwa nguvu. "Nilijua unafunguka, baba," alisema. "Nilijua toka wiki ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikikuambia umeharibika, hutanitengenezea mwingine."

Dereva wa pikapu akapiga honi. Wale saba wakapanda nyuma, Diana amekumbatia ule mfumbati kifuani, na gari likaondoka likiacha vumbi. Mwanvua aliwapungia mpaka walipopotea, kisha akamwomba baba yake amshikie gongo moja, maana mkono ulikuwa umechoka.