Kurasa Zisizochakaa

Fundi wa kujalidi vitabu alikuwa na masharti yake, na ole wako uyaguse. Msahafu hakuushika kabla ya kutawadha. Kitabu cha sala cha Masingasinga hakukiweka sakafuni hata akiwa na haraka. Vitabu vitakatifu vya Wayahudi vikishakwisha kabisa, alijua kwamba havitupwi, vinazikwa. Biblia aliifungua taratibu, kama anayemfungua mgonjwa bandeji.

"Dini zote zinapita mikononi mwangu," alimwambia mkewe asubuhi moja, huku akipaka gundi, "na wenyewe wana ugonjwa mmoja. Kurasa za maadui kuadhibiwa zimelegea, zimejaa mafuta ya vidole. Njoo sasa kwenye za kumtendea jirani wema. Mpya, utadhani zimetoka kiwandani leo. Watu wanafiki sana."

Mkewe akatua kikombe cha chai mezani. "Baba watoto, jirani yetu wa nyuma ya ukuta huu ana wiki ya tatu kitandani. Umeshakwenda kumjulia hali?"

Fundi akaitazama brashi, kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Niende saa ngapi?" akasema. "Huoni watu wanavyochakaza vitabu?"